Mita kumi za mwisho: hesabu ya kusubiri ndani ya Wi-Fi

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipowashwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo mkongo wa TEAMS ukaunganisha Mombasa na Fujairah, Falme za Kiarabu, wengi walishangilia kasi. Kulikuwa na badiliko jingine lililosemwa kidogo zaidi, nalo ni muda wa kusubiri. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya na Tanzania ilipita kwenye satelaiti zilizotulia kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini hata kwa mwendo huo kupanda na kushuka hula karibu robo sekunde. Swali likienda na jibu likirudi, ni karibu nusu sekunde imepotea angani kabla hata kompyuta ya upande wa pili haijafanya kazi yoyote. Mkongo wa TEAMS una urefu wa kama kilomita 5,000. Mwanga huenda Fujairah na kurudi Mombasa kwa milisekunde 50 hivi.

Bahari, basi, ilifupishwa. Kilichobaki ni umbali mdogo kuliko wote: zile mita kumi kati ya simu ya mtu na ruta iliyotundikwa ukutani. Hapo ndipo sauti inapokatika katikati ya simu ya WhatsApp na picha kuganda, hata pale kifurushi kilicholipiwa ni kikubwa na mkongo uko mzima. Ajabu ni kwamba kusubiri huku kuna kanuni. Kunaweza kukadiriwa kwa kalamu na karatasi, na watu wamekuwa wakikukadiria kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu zamani ambazo hakuna aliyeota ndoto ya Wi-Fi.

Wa kwanza kuheshimiwa katika jambo hili ni Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen. Swali lake lilikuwa la mhasibu kuliko la mwanasayansi: kampuni inunue laini ngapi ili wateja wasikute simu zimejaa, bila kutupa fedha kwenye laini zinazokaa bure? Mwaka 1909 alichapisha andiko lililoonyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wasiojuana, kila mmoja kwa wakati wake, zinafuata mpangilio wa nasibu unaoweza kuandikwa kwa hesabu. Haiwezekani kujua nani atapiga saa ngapi. Inawezekana kabisa kujua ni mara ngapi simu ishirini zitaangukia dakika moja.

Waliomfuata walijenga juu ya msingi huo nadharia nzima ya foleni, na ndani yake kuna tokeo moja ambalo kila mwenye ruta angefaa kulijua. Chukua karani mmoja wa benki anayemhudumia mteja kwa wastani wa dakika 3, wateja wakija kwa nasibu na huduma zao zikitofautiana kwa nasibu pia. Karani akiwa na kazi nusu ya muda wake, mteja hutumia wastani wa dakika 6 tangu anaingia hadi anatoka. Karani akiwa na kazi asilimia 90 ya muda, ni dakika 30. Kwa asilimia 95 ni saa nzima, na kwa asilimia 99 ni saa 5. Karani hakuwa mvivu, wala hakupunguza mwendo hata kidogo. Kilichopungua ni nafasi za mapumziko zilizokuwa zikimeza mafuriko madogo ya wateja, na zikiisha hizo, kila furiko linabaki mlangoni. Ndiyo maana mtandao unaoonekana mzima saa nne asubuhi huanguka ghafla saa tano, ingawa walioongezeka ni watu watatu tu.

Hata hivyo foleni ya benki ina utaratibu: anayefika hujua yuko nyuma ya nani. Hewani hakuna mstari. Vifaa vyote vya chumba kimoja hutumia masafa yaleyale, na viwili vikizungumza kwa pamoja, kwa kawaida hakuna kinachosikika. Tatizo hili liliingia kwenye hesabu kwa mara ya kwanza visiwani Hawaii. Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitaka vituo vilivyotawanyika vitumie kompyuta ya chuo kwa njia ya redio, na mwaka 1971 mtandao wao, ALOHAnet, ulianza kazi. Kanuni yake ilikuwa rahisi kupita kiasi: ukiwa na ujumbe, tuma. Usipopata uthibitisho kwamba umepokewa, subiri muda wa nasibu kisha utume tena.

Abramson alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya kanuni hiyo mwaka 1970. Ujumbe husalimika iwapo hakuna mwingine anayeanza kuzungumza muda mfupi kabla yake wala wakati wenyewe ukiwa hewani. Dirisha la hatari, kwa hiyo, ni mara mbili ya urefu wa ujumbe. Ukiingiza hilo kwenye hesabu ya nasibu ileile ya Erlang unapata kwamba hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni asilimia 18.4 tu ya muda wa masafa itakayobeba ujumbe uliofika salama. Baadaye ilionekana kwamba vituo vikikubaliana kuanza kutuma kwenye mapigo ya saa moja ya pamoja, dirisha la hatari hukatika nusu na kiwango hicho huongezeka maradufu hadi asilimia 36.8. Mashine ni zilezile na redio ni zilezile. Faida yote imetoka kwenye karatasi.

Robert Metcalfe, aliyekuja kuwa mmoja wa wabunifu wa Ethernet, mtandao wa kompyuta unaotumia waya, alikataliwa tasnifu yake ya udaktari Harvard. Alipoongeza ndani yake uchambuzi wa kihisabati wa mtandao wa Hawaii, ikapita mwaka 1973.

Mwaka 1975 Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi walichambua adabu iliyo bora zaidi: sikiliza kwanza, hewa ikiwa kimya ndipo useme. Walionyesha faida yake kubwa, na wakaonyesha pia udhaifu wake, yaani vifaa viwili vinavyoisikia ruta lakini havisikiani vyenyewe kwa vyenyewe, labda kwa sababu ukuta wa zege umekaa kati. Kila kimoja husikia kimya na kudhani njia ni yake. Shida hiyo ingalipo katika nyumba na ofisi za leo.

Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi, kinachoitwa IEEE 802.11, kilitoka mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 1 au 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 likaja toleo la 802.11b lenye megabiti 11, na hilo ndilo lililoingiza Wi-Fi majumbani. Redio haiwezi kusikia vizuri huku yenyewe inazungumza, kwa kuwa sauti yake humeza ya wengine. Kwa hiyo kifaa hakiwezi kugundua mgongano ukiwa unatokea. Lazima kijihadhari mapema. Katika 802.11b kifaa chenye pakiti, yaani kifungu cha data cha kutuma, husubiri hewa inyamaze kwa mikrosekunde 50, kisha huchagua namba ya nasibu kati ya 0 na 31 na kuanza kuhesabu kurudi nyuma, hatua moja kila mikrosekunde 20. Mwingine akianza kusema, hesabu husimama mpaka anyamaze. Ikifika sifuri, kifaa hutuma na kungoja uthibitisho. Uthibitisho usipokuja huchukulia kwamba kumetokea mgongano, na safari hii huchagua kati ya 0 na 63, kisha 0 na 127, hadi kikomo cha 1,023.

Tazama gharama yake. Pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 ina biti 12,000, ambazo kwa megabiti 11 huchukua milisekunde 1.1 kwenda. Ongeza kimya cha mwanzo, hesabu ya nasibu ambayo wastani wake ni mikrosekunde 310, utangulizi wa redio na uthibitisho wa kurudi, na jumla inakaribia milisekunde 2. Megabiti 11 zilizoandikwa kwenye boksi zimekuwa 6, na hapo kifaa kiko peke yake chumbani! Mwaka 2002 Yang Xiao na Jon Rosdahl walithibitisha jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawapendi kulitangaza: kwa utaratibu huo, hata kasi ya redio ingekuwa haina mwisho, bado kungekuwa na kikomo cha data inayopita na kiwango cha chini cha ucheleweshaji kisichoweza kushuka. Muda wa adabu haupungui kwa kuongeza mwendo wa maneno.

Vifaa vikiwa vingi hesabu huwa ngumu haraka. Kila kimoja kiko kwenye hatua yake ya kuhesabu, kila kimoja kimegongana mara kadhaa au hakijagongana kabisa, na hali ya kimoja inaathiri vingine vyote. Vifaa hamsini vina mchanganyiko wa hali usioandikika. Aliyekata fundo hili ni Giuseppe Bianchi, akiwa Chuo Kikuu cha Palermo huko Sicily, katika andiko la mwaka 2000 ambalo limebaki kuwa mlango wa fani hii. Alifanya ujasiri mmoja: alidhani kwamba kila kifaa kinapotuma, uwezekano wa kugongana ni uleule, bila kujali kilikwisha gongana mara ngapi. Kwa dhana hiyo kifaa kimoja kinaweza kuchunguzwa peke yake, kama mnyororo wa Markov, yaani mfumo unaohama kutoka hali moja hadi nyingine kwa uwezekano unaojulikana.

Milinganyo inayobaki ni miwili tu. Wa kwanza unauliza: ikiwa uwezekano wa kugongana ni huu, kifaa kitajaribu kutuma mara ngapi? Wa pili unageuza swali: ikiwa kila kifaa kinajaribu mara hizo, uwezekano wa kugongana ni upi? Kila mmoja unahitaji jibu la mwenzake, na kuna thamani moja tu inayoiridhisha yote miwili. Kuitafuta ni kazi ya sekunde chache kwa kompyuta, na hata kwa kikokotoo cha shule inawezekana.

Majibu yake kwa kanuni za 802.11b ni haya. Vifaa viwili vikishindana mfululizo, kila jaribio lina uwezekano wa kama asilimia 6 kugongana. Vikiwa vitano ni asilimia 18, vikiwa kumi ni 29, na vikiwa ishirini ni 40. Vikifika hamsini, zaidi ya nusu ya majaribio yote yanaharibika.

Ili kugeuza migongano kuwa muda, inahitajika kanuni moja zaidi, ile iliyothibitishwa na Mmarekani John Little mwaka 1961: wastani wa idadi ya wanaosubiri ni sawa na mwendo wa kuhudumiwa mara wastani wa muda wa kusubiri. Ni kanuni fupi mno, na uzuri wake ni kwamba haijali foleni ni ya nini wala nasibu ni ya aina gani. Itumie hapa. Vifaa kumi vikiwa vinashindana, pakiti moja hufanikiwa kila baada ya milisekunde 2 hivi, kwa hiyo pakiti iliyo mbele kabisa ndani ya kila kifaa husubiri wastani wa milisekunde 20. Vikiwa hamsini, migongano inavuta mafanikio hadi pakiti moja kila milisekunde 2.5, na kusubiri kunafika milisekunde 125. Mita kumi za ukumbini zimekula muda mara mbili na nusu ya safari ya kwenda Fujairah na kurudi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza ucheleweshaji katika mazungumzo ya simu usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, na hapa karibu zote zimekwisha kabla sauti haijatoka chumbani.

Bianchi mwenyewe alikuwa wazi kwamba modeli yake inahusu hali ya kujaa, ambapo kila kifaa kina kitu cha kutuma wakati wote. Maisha si hivyo. Simu mfukoni hunyamaza dakika nzima kisha hulipuka na picha kumi. Ndipo wakaja watafiti wengine, miongoni mwao David Malone, Ken Duffy na Doug Leith wa Ireland, ambao mwaka 2007 walipanua mnyororo huo uhesabu pia vifaa visivyokuwa na cha kutuma, na vifaa vyenye mizigo tofauti. Modeli huongezewa nyama hivi, kipande kwa kipande, na kila kipande hulinganishwa na vipimo vya maabara kabla ya kuaminiwa.

Kuna modeli moja iliyowashtua hata wahandisi. Mwaka 2003 Martin Heusse na wenzake wa Grenoble, Ufaransa, walichunguza chumba chenye vifaa vya kasi na kimoja cha taratibu. Kifaa kilicho mbali na ruta hushuka chenyewe hadi megabiti 1 kwa sekunde ili kisikike. Kanuni ya Wi-Fi inampa kila mmoja nafasi sawa ya kutuma pakiti, jambo linalosikika kuwa la haki. Lakini pakiti ya yule wa mbali hukaa hewani zaidi ya milisekunde 12, na ya wa karibu moja tu na kidogo. Wakipokezana, wote wawili huishia chini ya megabiti 1, hata yule aliyekaa chini ya ruta akiwa na megabiti 11 kamili. Simu moja barazani, nyuma ya kuta tatu, inatosha kuidhoofisha nyumba nzima. Kwa maoni ya mwandishi huu ndio ugunduzi wenye manufaa zaidi kwa mtu wa kawaida katika habari yote hii, kwa sababu tiba yake ya kwanza haigharimu kitu: ruta itolewe kwenye kona ya sebule iwekwe katikati ya nyumba.

Ugonjwa mwingine ulijificha ndani ya ruta zenyewe. Kumbukumbu za kielektroniki ziliposhuka bei, watengenezaji waliweka nafasi kubwa za kuhifadhi pakiti zinazosubiri, wakiamini kwamba pakiti isiyotupwa ni pakiti iliyookolewa. Rudi kwenye hesabu ya vifaa hamsini: ikiwa nyuma ya pakiti ya mbele zimepanga nyingine ishirini ndani ya kifaa hichohicho, ya mwisho itangoja sekunde mbili na nusu. Na programu nyingi zinazotuma data hazijui kupunguza mwendo mpaka zione pakiti imepotea, kwa hiyo hujaza nafasi yoyote zinayopewa. Kuanzia mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, alipiga kelele juu ya jambo hili hadi likasikika. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaja na dawa iitwayo CoDel. Badala ya kuhesabu pakiti zilizo kwenye foleni, hupima kila pakiti imekaa humo muda gani; kusubiri kukibaki juu ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, huanza kutupa baadhi, ili watumaji wapate ishara mapema.

Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad, Sweden, pamoja na wenzake, waliunganisha dawa za magonjwa hayo mawili ndani ya mfumo endeshi wa Linux: foleni fupi kwa kila mtumiaji, na haki inayogawa muda wa hewani badala ya idadi ya pakiti. Yule wa mbali hupata muda wake, na wa karibu hapokonywi wake. Kazi hiyo ilionyesha ucheleweshaji wakati wa msongamano ukishuka mara nyingi, bila kubadilisha redio. Ruta zinazotumia programu huria ya OpenWrt zimenufaika nayo, na mtu anaweza kuona tofauti mwenyewe: apime muda wa kujibiwa mtandao ukiwa umetulia, kisha apime tena wakati mtu mwingine nyumbani anapakua filamu. Namba ya pili ndiyo inayoeleza maisha halisi ya mtandao huo. Inasikitisha kwamba matangazo ya intaneti hapa kwetu bado yanataja megabiti peke yake.

Majirani nao wamo kwenye hesabu. Katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na katika jengo la ghorofa lenye ruta kila mlango, vifaa vya jirani vilivyo kwenye chaneli ileile vinahesabiwa pamoja na vya mwenye nyumba, hata kama nywila ni tofauti. Nywila huzuia kusoma. Haizuii kushindania hewa. Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi na hupenya kuta kwa shida, jambo ambalo safari hii ni faida. Televisheni na kompyuta ya mezani zikiunganishwa kwa waya hutoka kwenye ushindani kabisa.

Vizazi vipya vimeanza kuondoa bahati nasibu yenyewe. Wi-Fi 6, ambayo kiwango chake kiliidhinishwa mwaka 2021, huiruhusu ruta kugawa chaneli katika vipande na kuvipangia vifaa kadhaa vitume kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye kipande chake. Vifaa vya zamani vikiwemo chumbani, ushindani wa kale hubaki palepale pembeni ya utaratibu mpya, na wanamodeli sasa wanahangaika kuandika milinganyo ya mifumo hiyo miwili ikiishi pamoja.

Wamebadilisha pia wanachokitafuta. Wastani ulitosha zamani, lakini haumtoshi daktari anayeongoza chombo kutoka mbali wala roboti ya kiwandani, kwa kuwa anayedhuriwa ni yule aliyepatwa na siku mbaya. Kikundi cha IEEE kinachoandaa 802.11bn, kiwango kitakachofuata Wi-Fi 7, kimeandika lengo lake kwa lugha hiyo mpya: chukua pakiti mia, zipange kwa muda zilizosubiri, tazama ile ya tisini na tano, na uipunguzie kusubiri kwa asilimia 25.